Kona ya Tatu Haikauki

Jumatatu moja ya Januari, saa mbili asubuhi, Sylvanus Sifuna aliikuta kona ya tatu imelowa.

Utasema kona kulowa ni habari gani, hapa Kakamega ambapo mvua hunyesha mpaka vyura wakachoka. Ningekubaliana nawe, kama hakingekuwa kiangazi. Tangu wiki moja kabla ya Krismasi halikuwa limedondoka tone. Njia nzima ya mbio za magari, mviringo wa murram, ule udongo mwekundu wa barabara, wa karibu maili moja, ilikuwa kavu hata kuku akivuka anaacha vumbi nyuma. Kona ya kwanza kavu. Ya pili kavu. Ya nne kavu. Lakini kona ya tatu, upande wa nje, ilikuwa na kiraka cheusi chenye urefu wa mtu, na katikati ya kiraka murram iliyokuwa imeshindiliwa hata ikawa ngumu kama saruji, sasa ilikuwa imefura.

Sifuna alichutama, akachomeka kidole. Matope. Akakinusa. Kilinuka chuma kilichooza, na nyuma ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, ya chumba kilichofungwa miaka mingi.

"Nani amemwaga maji hapa?"

Wanyonyi, dereva wa trekta lililovuta rola, alikuja akiburuta viatu. "Hakuna, mzee. Lori la maji liko na pancha tangu Ijumaa."

"Basi ardhi imejikojolea."

"Mimi sijui, mzee. Mimi ni dereva."

Hilo ndilo lililomkera Sifuna miaka yote ya kazi yake: kila mtu ni dereva, kila mtu ni mchukuzi, hakuna anayejua kitu. Akaamuru kiraka kifukuliwe, murram kavu imwagwe, rola ipite mara ishirini. Jioni kona ilikuwa nzuri kuitazama. Asubuhi ya Jumanne ilikuwa imelowa tena, na uvimbe umeongezeka vidole viwili.

Kwa nini kiraka cha matope kimkoseshe usingizi mtu mzima wa miaka hamsini? Kwa sababu ya neno moja: kaimu. Sifuna alikuwa ametengeneza barabara miaka ishirini na miwili, saba ya mwisho katika uwanja huu wa mbio, chini ya Mzungu aliyeitwa Bwana Pringle. Uhuru ulipokuja, Pringle alikaa miezi michache akipima upepo, kisha akafungasha virago na kwenda zake. Alimwachia Sifuna funguo, rola na daftari. Kamati ya klabu, Wahindi wenye maduka, Wazungu wachache waliobaki na Waafrika wawili wapya, ikampa cheo cha kaimu msimamizi. Kaimu maana yake ni kwamba kazi unaifanya wewe, lakini kiti bado wanakitazama.

Katibu wa klabu, kijana mmoja msomi aliyeitwa Cornelius, alimweleza bila kuzunguka. "Mzee Sifuna, Jumamosi ya mwisho ya Februari tuna mbio kubwa. Zikienda sawasawa, wewe ni msimamizi kamili, na ile nyumba ya mawe pale langoni ni yako. Zikiharibika, kamati itamleta kontrakta kutoka Kisumu. Wengine wanasemanga Mwafrika hawezi kutunza uwanja. Usinifanye nikose la kuwajibu."

Nyumba ya mawe. Sifuna, mkewe Kageha na watoto wanne walikuwa wakiishi chumba kimoja mjini, bati lina matundu, jirani akikohoa wewe ndiye unayeamka. Kageha alikuwa ameshakwenda kupima madirisha ya nyumba ile kwa kamba ya katani, akaificha kamba chini ya godoro. Hakumwambia mumewe, lakini mumewe aliiona.

Kwa hiyo Sifuna alitaka kufanya zaidi ya kutunza. Alitaka kuboresha. Kona ya tatu ilikuwa na sifa mbaya. Magari yaliteleza pale na kutoka nje. Mwezi wa Desemba aliamua kuuinua ukingo wake wa nje, ili gari liegemee ndani likipinda. Kazi hiyo huhitaji maji, maana murram usipoinyunyizia haishikani, hata uishindilie mpaka Kiama. Na katika daftari la Pringle palikuwa na maneno, yamepigiwa mistari miwili chini: maji ya mto peke yake.

Mto Isiukhu ulikuwa mbali. Lori liliguna kilima chote, likafika limemwaga robo ya mzigo. Na huku, hatua mia nne tu kutoka kona ya tatu, palikuwa na shimo la zamani la dhahabu, limejaa maji mpaka mdomoni, halipungui kiangazi wala masika. Sifuna alilitazama shimo, akatazama daftari, akasema moyoni kwamba Wazungu wamezoea kupoteza petroli. Hapa ndipo Mwafrika angeonyesha akili.

Kukhu Nabwire, bibi mjane ambaye shamba lake la mahindi lilipakana na shimo, alitoka na jembe begani alipoona lori linarudi nyuma pale.

"Maji hayo sisi hatuchotangi," alisema. "Hata ng'ombe hayanywi. Wazungu wa dhahabu walichimba hapo mpaka wakamfikia mwenyewe. Waliondoka siku moja, wakaacha sufuria jikoni."

"Mwenyewe nani, Kukhu?"

"Mwenyewe."

"Sisi hatuyanywi, Kukhu. Tunanywesha barabara, na barabara haina tumbo la kuuma."

Wachukuzi walicheka. Bibi hakucheka. Wakachota kwa debe na kamba, wakajaza mapipa ya lori, wakajaza na tumbo la rola, kwa sababu rola ile ilikuwa pipa tupu la chuma na bila maji ndani ilikuwa nyepesi kama toroli. Wanyonyi akakaza kizibo kwa spana. Wakainyunyizia kona ya tatu siku tatu, wakaishindilia siku tatu, ikatoka kona ambayo hata Pringle angeivulia kofia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu halivunjiki siku ileile, na hapo ndipo watu hudanganyika.

Basi turudi kwenye matope. Jumatano walifukua, Alhamisi walifukua. Sifuna alichimba mtaro kando ya kona akitafuta chemchemi, futi tatu, futi sita, mpaka mchimbaji akazama kichwa. Chini kulikuwa kukavu kama unga. Maji hayakutoka chini. Yalikuwa juu tu, katika shubiri moja ya murram waliyoishindilia wao wenyewe, na yaliongezeka kadiri jua lilivyopanda. Saa saba mchana, wakati hata mjusi anatafuta kivuli, kona ya tatu ilikuwa inatiririka.

Sifuna alikuwa na hasira ya mtu aliyefanya kila kitu sawa. Alimlaumu mchukuzi, akalaumu murram, akalaumu aliyeuza murram. Nyumbani alisukuma obusuma, ugali wa kwao, pembeni na kumwambia Kageha kwamba ardhi inamdharau.

"Ardhi haidharau mtu, Baba Navalayo," Kageha alisema.

"Hii inadharau."

Cornelius alikuja na viatu vyake vilivyong'arishwa, akasimama mahali pakavu. "Hii ni nini?"

"Ni maji."

"Naona ni maji. Yaondoe."

"Nimeyaondoa mara tisa."

"Basi yaondoe mara ya kumi, mzee, siku zinakwenda."

Wachukuzi walianza kuacha kazi, mmoja mmoja, kila mmoja na udhuru wake. Waliobaki walisema kwa sauti za chini kwamba uvimbe ule haukuwa uvimbe wowote tu. Una bega. Una nyonga. Jana ulikuwa umelala chali, leo umelala ubavu. Wanyonyi naye alilalamika kwamba rola inamgongea mgongoni akiwa anaendesha, ngo, ngo, ngo. Sifuna akamwambia atie grisi.

Wiki mbili kabla ya mbio alikuja Chrispinus kuijaribu njia. Chrispinus alikuwa fundi wa magari, kijana wa mjini, Mwafrika wa kwanza wa Kakamega kuandikishwa katika mbio hizo, na gari lake alikuwa ameliunga kwa mikono yake kutokana na magari matatu yaliyokufa. Mji mzima ulikuwa ukimsubiri. Sifuna alikuwa amefukua na kukausha asubuhi hiyo, na kona ilionekana ya kuaminika. Alisimama kwenye ukingo wa ndani, saa mkononi.

Mzunguko wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu, jua likiwa utosini, Chrispinus aliingia kona ya tatu, na Sifuna akaliona gari linashuka nyuma, springi zikalia, kama lori linapopakiwa gunia la mwisho. Halikuteleza. Lilitoka kwenye kona limeinama hivyohivyo, likazunguka mara moja zaidi polepole, kisha likaja kusimama mbele yake.

Chrispinus hakushuka. Alishika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele.

"Mzee Sifuna," alisema kwa sauti ndogo. "Kuna mtu nyuma yangu?"

Sifuna aliinama, akatazama kiti cha nyuma. "Hakuna."

"Tazama vizuri."

"Hakuna mtu, kijana wangu."

"Nimembeba. Amepanda pale kwenye kona. Anapumua kwenye shingo yangu, na pumzi yake ni baridi." Meno yake yalianza kugongana. "Aliniuliza mbona tunazunguka."

Kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa chapachapa, maji yanachuruzika mpaka sakafuni, na ndani ya gari kulinuka chuma kilichooza na chumba kilichofungwa. Walimpeleka Chrispinus kwa mama yake, nyumba ya tatu baada ya kituo cha petroli. Usiku alipandwa na homa. Vidonge vya malaria alivitapika, na kilichotoka pamoja navyo kilikuwa maji mekundu ya murram.

Sasa mtu mwingine angeacha. Lakini Sifuna alikuwa na kichwa cha mtu wa barabara, hakubali kitu mpaka akikanyage. Siku ya pili, saa saba kasoro, aliwaambia watu wake waende kula, akaenda kona ya tatu peke yake. Kiraka kilikuwa kimelowa. Alipiga magoti kando yake kama anayetaka kusali, na kwa kweli alitaka kutukana.

Aliweka sikio juu ya murram. Mwanzo alisikia damu yake mwenyewe. Kisha akasikia kucha, kwa chini, zikikwaruza taratibu, mtu anayekwaruza pasipo haraka kwa kuwa amekwaruza jana na juzi na atakwaruza kesho. Na chini ya kucha akasikia pumzi, ndefu, ikivutwa ndani kwa muda mrefu kuliko kifua cha mtu kinavyoweza kuvuta, na ilipotolewa murram ikashuka chini ya shavu lake, na ilipovutwa tena murram ikapanda, ikalisukuma shavu lake juu polepole kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Akataka kuinuka, akaweka mkono chini ili ajisukume, na kidole chake, kilekile cha Jumatatu ya kwanza, kikazama katika tope mpaka kwenye fundo, na kule ndani ya tope baridi, chini ya jua lililokuwa likimchoma kisogo, kitu kikakizunguka kidole chake na kukishika, si kwa nguvu, kwa upole tu, jinsi mgonjwa anavyomshika mkono mtu asimwache.

Sifuna hakupiga kelele. Alikaa pale akilia bila sauti mpaka kikamwachia. Kisha akapanda lori na kuliendesha mwenyewe moja kwa moja mpaka Mumias.

Aliyemtafuta ni Maalim Shabani, fundi cherehani mwenye duka karibu na msikiti, mtu mfupi mwenye mafua yasiyoisha, aliyesifika kwa kuongea na yale ambayo wengine huyakimbia. Sifuna alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Asalaam aleikum," alisema Maalim bila kuinua macho kwenye suruali aliyokuwa akiipinda.

"Maalim, mimi ni Mkatoliki."

"Salamu haiumi Mkatoliki. Kaa, sema."

Alisikiliza yote, akipenga kamasi. Alipofika Kakamega hakwenda uwanjani kwanza. Alikwenda kwa mgonjwa. Mama yake Chrispinus alikuwa amefunga madirisha. Maalim akafukiza ubani, akasoma, akaandika kombe kwa zafarani katika sahani nyeupe, akaisuuza kwa maji na kumnywesha kijana kidogo kidogo. Wanyonyi alibaki nje na lori. Sifuna alishika miguu ya Chrispinus, na miguu ilikuwa baridi kama bomba la maji.

"Wewe ni nani?" Maalim aliuliza.

Midomo ya Chrispinus ilifunguka. Sauti ilikuwa yake, lakini ilitoka mbali, imechoka. "Mwenye shimo."

"Umemjia kijana huyu unataka nini?"

"Sikuja."

"Sema kweli. Upo hapa."

"Sikuja. Nilichotwa. Nilikuwa kwangu nimelala. Nikachotwa kwa debe, nikamwagwa juani, nikakanyagwa na chuma. Kila siku nainuka, kila siku nakanyagwa. Huyu alipita nikampanda, anipeleke kwangu. Akazunguka. Akazunguka tu."

Mama yake alijifunika uso kwa kanga. Maalim aliinamisha kichwa, na Sifuna akaona kwamba hata yeye ameona haya kwa ajili ya wanadamu.

"Ukirudishwa, utamwacha?"

"Nirudisheni mimi mzima. Msibakize."

Walipotoka nje, Maalim alimpa masharti. Udongo wote wa kona ile ufukuliwe, na shubiri moja zaidi pande zote, na ule waliokwisha kuutupa kando uzolewe. Urudishwe shimoni mchana, juani, kwa kuwa ndivyo maji yalivyotolewa, na anayemwaga asigeuke nyuma. "Na maji yale," aliuliza, akijifuta pua, "mliyatumia wapi kwingine?"

Sifuna alikuwa anahesabu siku kichwani. Siku kumi na moja kabla ya mbio, kona nzima ichimbuliwe, itengenezwe upya kwa maji ya mto. Alikuwa ameudhika mpaka kope zinamcheza. "Hakuna kwingine," alisema. "Kona ya tatu tu."

"Una hakika?"

"Maalim, kazi hiyo niliisimamia mimi."

Wanyonyi alikuwa amekaa kwenye lori, anakula muwa.

Cornelius alipoikuta kona imechimbuliwa, alivua miwani. "Mzee, unataka kuniua? Kontrakta wa Kisumu ameniandikia barua mara mbili."

"Mpe kazi kama unataka. Lakini kona hii naifukua."

"Kwa sababu gani? Niambie kitu ninachoweza kukisema mbele ya kamati."

Sifuna alichomeka jembe ardhini. "Waambie maji hayakuwa mazuri," alisema, na lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyowahi kumwambia katibu yule.

Walibeba udongo siku tatu, watu wanane waliosalia, kila mtu na karai, wakamwaga shimoni bila kugeuka. Kukhu Nabwire alisimama kwenye mahindi yake akitazama, hakusema nilikwambia, na Sifuna alimshukuru kwa hilo. Siku ya tatu, karai la mwisho lilipozama, maji ya shimo yalishuka futi nzima, kisha yakapanda tena na kutulia. Jioni hiyo Chrispinus aliomba uji.

Kisha wakaanza kuteka maji mtoni. Lori liliguna kilima kile alfajiri na magharibi. Mikono ya Sifuna ilichubuka, akalala uwanjani siku nne, akamtukana kila mtu na kumwomba kila mtu radhi. Jumamosi ya mwisho ya Februari kona ya tatu ilikuwa kavu, ngumu, imeinuka nje kama sahani. Magari kumi na manne yaliipita mara arobaini, halikutoka hata moja. Chrispinus, mwembamba bado kwa homa, alimaliza wa pili, na watu wa Kakamega wakambeba begani mpaka sokoni.

Neno kaimu likafutwa. Wiki ya tatu ya Machi, Sifuna alipewa funguo za nyumba ya mawe, na Kageha akatoa mapazia yaliyokuwa yameshashonwa. Cornelius alifurahi mpaka akataka kuongeza zawadi. Rola ilikuwa imeazimwa na mji kwa wiki mbili, ikashindilie kiwanja cha soko na njia ya kwenda kanisani na ua wa shule, kabla mvua hazijaanza. "Ikirudi," alisema, "Wanyonyi asawazishe na ua wako, mzee. Msimamizi hawezi kukaa kwenye mashimo." Rola ikarudi Alhamisi, ikapita uani mara kumi, kuanzia langoni mpaka kizingiti cha mlango, ikaegeshwa ubavuni mwa nyumba.

Ijumaa, mchana, Sifuna alikuwa amejilaza ndani, mara ya kwanza maishani mwake kulala mchana kwenye nyumba isiyovuja. Alimsikia Kageha anafagia. Ufagio ukasimama.

"Baba Navalayo," Kageha alisema kutoka nje. "Nani amemwaga maji hapa?"

Usingizi ukamtoka. Aliketi kitandani, kisha akatoka peku. Mvua haikuwa imeanza. Ua wote ulikuwa mkavu, mwekundu, umesawazishwa vizuri. Mbele ya kizingiti, pale ambapo mtu anavua viatu kabla ya kuingia, palikuwa na kiraka cheusi chenye urefu wa mtu.

Alizunguka ubavuni mwa nyumba. Chini ya kizibo cha rola tone lilikuwa linaning'inia. Likadondoka. Likafuata jingine. Akaweka kiganja juu ya chuma ambacho jua la saa saba lilipaswa kukifanya kisishikike, na chuma kilikuwa baridi. Ndani, kwa upole, kitu kiligonga. Ngo, ngo, ngo.

Maji yaliyo tumboni mwa rola mtu wa barabara hayahesabu kuwa ni maji. Kwake ni uzito. Ndiyo maana Maalim alipomuuliza mara mbili, mara mbili hakuyakumbuka.

Wanyonyi alikuwa langoni anafunga trekta. Sifuna alimwendea polepole. "Maji ya rola," alisema. "Yalibadilishwa lini?"

"Hayajabadilishwa, mzee. Ni yaleyale tuliyojaza Desemba."

"Kizibo kinavuja."

"Kilianza tulipofika sokoni. Ile njia yao ni mbaya, inatingisha."

"Na hukusema."

"Hukuniuliza, mzee," Wanyonyi alisema kwa sauti ya chini, maana alikuwa ameshauona uso wake. "Mimi ni dereva."

"Kimevuja wapi na wapi?"

Wanyonyi aligeuka kutazama barabara ya mjini. Sifuna naye akatazama. Katikati ya vumbi kulikuwa na mstari wa madoa meusi, moja hapa, moja pale, umetoka mjini mpaka langoni mwake, na baada ya siku nzima ya jua hakuna doa hata moja lililokuwa limekauka. Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu, na husema ili kumfariji mtu. Sifuna alimkumbuka yule aliyesema msibakize, na hakupata faraja yoyote.

Alirudi uani, akachukua jembe, akaanza kuchimba mbele ya mlango wake mwenyewe. Kageha alimtazama kwa muda, akatazama kiraka, kisha akaingia ndani na kuanza kuyashusha mapazia, moja baada ya jingine, akiyakunja vizuri.

Na asubuhi ya Jumamosi, kule sokoni, mama mmoja muuza dagaa alifika kwenye meza yake, akaweka kapu chini, akainama kutazama, akawauliza wenzake nani amemwaga maji hapa.